Nguzo ya Darubini

Mwalimu wetu wa fizikia amenitumia ujumbe kwenye simu. Anataka nimwandikie historia ya chumba cha darubini. "Wewe ndiye uliyekuwa na daftari," anasema. "Andika mlivyojenga, vipimo, matatizo, ili wenzenu wa huku wasirudie makosa. Kurasa mbili tatu zinatosha."

Nimeandika mara tatu na mara tatu nimechana. Vipimo ninavyo vyote. Najua upana wa chumba, najua tofali zilizovunjika kabla hazijafika tanuruni, najua nani alichota maji siku gani. Lakini kosa lenyewe haliko kwenye vipimo. Kosa ni mimi na baba yangu, na hilo mwalimu halijui mpaka leo. Kwa hiyo hii naandika ya kwangu kwanza, nzima nzima, halafu nitaona nimpe nini.

Siku hizi nakaa Nyasubi kwa mama mdogo. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Kutwa nzima nachapa barua za watu wanaoomba kazi, na mimi mwenyewe nangoja zamu yangu. Kungoja siwezi. Sijawahi kuweza, na mtaona.

Shule yetu iko juu ya kilima, mbele ya Masumbwe, ukishaacha lami unakula vumbi mpaka unajuta. Nusu yetu tulikuwa watoto wa wakulima na wafugaji, nusu watoto wa wachimbaji. Mimi ni mtoto wa mchimbaji. Baba alikuwa na duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, na alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Karasha lake lilikuwa bovu kidogo, linagonga. Mara mbili haraka, kimya, halafu moja nzito. Nimelala na mlio ule tangu nanyonya.

Kwenye machimbo kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote, na kila mtoto anaijua kabla hajajua kusoma. Mtu aliyepata anasema "hakuna kitu". Mtu ambaye hajapata anasema "tunakaribia". Basi. Ukisema umepata, kesho asubuhi utakuta watu mia wamekuzunguka na majembe. Ukisema hujapata, vijana wako wanakukimbia. Kwa hiyo mnadanganyana wote na maisha yanakwenda.

Mama alikuwa anamsoma baba kwa sheria hiyo hiyo. Baba akirudi anasema, "Tunakaribia, mama watoto, tunakaribia," mama anainuka kimya anachemsha michembe, tunakula viazi vikavu na karanga tunalala. Baba akirudi akakaa kwenye kigoda, akaanza kufungua kamba za viatu taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia, akasema, "Leo hakuna kitu," basi mama ananituma buchani.

Nimeyaweka haya mbele makusudi. Mtu asije akasema sikuwa najua.

Darubini ililetwa na wageni waliokaa shuleni siku mbili, wakapiga picha na sisi, wakaondoka. Iliachwa kwenye boksi refu ofisini kwa mkuu wa shule, na ingekuwa pale mpaka leo kama si mwalimu wa fizikia. Alikuwa kijana, ana suruali moja tu nzuri, na alimsumbua mkuu mpaka mkuu akachoka. Jioni ya kwanza tuliisimamisha uwanjani kwa miguu yake mitatu, tukaelekeza kwenye Mshtarii. Kila mtu aliona kitu kinatetemeka kama mtu mwenye malaria. Mtu akipita nyuma, sayari inaruka. Upepo wa kilima ukipiga, sayari inatoka kabisa.

"Inataka nguzo," mwalimu akasema. "Nguzo ya zege, imesimama ardhini peke yake, haigusi sakafu wala ukuta. Na chumba cha kuikinga upepo, chenye paa la kusukuma."

"Nani atatujengea, mwalimu?"

"Nani? Wewe una mikono ya kazi gani?"

Ndivyo tulivyoanza. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilinunua daftari la mistari, nikaandika kwenye jalada: Chumba cha Darubini. Nikapanga kila kitu mpaka siku ya kufungua. Wenzangu walinicheka. "Huyu anapanga harusi."

Tofali waliongoza watoto wa wakulima, maana kwao kazi ya wengi haifanywi kimya. Mmoja anaanzisha wimbo wa Kisukuma, mstari mzima unaitikia, na ukichelewa kurusha tofali unatungiwa ubeti wako hapo hapo mpaka unatamani kulia. Mimi nilitungiwa wa binti mwenye kalamu asiye na malengelenge. Kesho yake nilibeba maji mara mbili zaidi ya kila mtu.

Wapita njia walisimama kutushangaa. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alituuliza, "Wanangu, mnajenga choo cha nani kikubwa hivyo?"

"Cha nyota, mama!"

"Heh! Na nyota nazo zinaumwa tumbo?"

Jina likabaki. Kijiji kizima kikawa kinaita choo cha nyota.

Shimo la nguzo walipewa wavulana wawili, watoto wa wachimbaji kama mimi. Mwalimu aliwaonyesha kwa mkono, "Likifika kifuani kwangu, acheni." Halafu akaitwa Shinyanga kwenye semina, akakaa wiki nzima.

Kifuani kwake walifika siku ya pili. Udongo bado laini, mwekundu. Walikaa ukingoni wakatazamana. Nilikuwepo, nina daftari langu.

"Hapa nguzo haisimami," mmoja akasema.

"Mwalimu amesema kifuani," nikasema.

"Mwalimu kwao wanalima kahawa. Anajua nini mambo ya shimo? Nguzo inashikwa na mwamba, sio na udongo."

Na mimi nikakubali. Nilisikia raha kabisa kwamba na sisi kuna kitu tunakijua kuliko mwalimu. Walichimba. Waliweka matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, vizuri kama walivyowaona baba zao. Wakafunga kamba na mti wa kuzungushia, ndoo zikapanda zikashuka. Mwalimu aliporudi alisikia sauti za watu chini ya ardhi, hawaoni.

"Hiki ni nini?"

"Nguzo, mwalimu."

"Nguzo au kaburi la tembo?"

"Tumefika mwamba!" wakajibu kutoka chini, wanacheka.

Alizunguka shimo mara mbili. Nilidhani atatuchapa. Akaishia kucheka na yeye. "Basi nguzo yenu haitatikisika mpaka Yesu arudi."

Ila ndoo za mwisho zilikuwa zimepandisha mawe meupe. Ukikulia machimboni huwezi kuliona jiwe jeupe ukaliacha. Wavulana walianza kuyalamba. Ndiyo, kulamba, maana jiwe likilowa linaonyesha kilichomo. Wanalamba, wanaligeuza juani, wananong'onezana. Siku tatu hakuna kazi. Zege halichanganywi, tofali zimelala, kila mtu ana jiwe mfukoni. Mmoja alisema ameona. Mwingine akasema ile ni dhahabu ya wajinga tu.

Nilikasirika sana. Kwenye daftari nguzo ilikuwa imwagwe Jumatatu ile! Nikachukua jiwe moja, lile walilokuwa wanaligombania, nikawaambia, "Nampelekea baba yangu. Yeye atasema, halafu mkome, turudi kwenye kazi."

Ijumaa nilirudi nyumbani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanafunzi wangu! Nyota hazijambo?"

Nilimpa jiwe, nikamweleza. Alilivunja kwa nyundo, akalitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka likawa unga, akaosha kwenye karai, anazungusha maji polepole, anamwaga kidogo kidogo. Nilichungulia. Mchanga mweusi, na mkono wake ukapita juu yake kabla sijaona zaidi. Akamwaga yote.

"Hakuna kitu," akasema. "Mawe tu, mwanangu. Wekeni zege lenu."

Akakaa, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Taratibu.

Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Alimtazama baba, akanitazama mimi. Kisha akaniambia nikimbie buchani.

Niliruka kwa furaha. Nilidhani ananipikia nyama kwa sababu nimetoka shule.

Jumatatu baba alileta saruji mwenyewe, kwenye pikipiki ya kubebea mizigo. Alileta na magurudumu ya chuma na beringi kutoka kwenye karasha la zamani, ya kuendeshea paa. "Zibeni shimo hilo leo leo," akamwambia mwalimu. "Mtoto wa mtu asije akatumbukia." Mwalimu alimsimamisha mbele yetu mstarini, akasema huyu ndiye mzazi wa mfano. Tulipiga makofi mpaka mikono ikawasha. Tulipanga mstari kutoka kwenye mchanga mpaka shimoni, makarai yakapita mkono kwa mkono, tunaimba, na jua lilipozama nguzo ilikuwa imeshamwagwa. Safari hii ubeti ulikuwa wa binti mwenye baba. Nililia mbele za watu, sikuona haya.

Chumba kilikwisha muhula uliofuata. Kuta za tofali za kuchoma, mlango wa mbao za maboksi, paa la mabati linalosukumwa na watu wanne, linanguruma kwenye reli zake kama radi ya mbali. Jioni ya kufungua walialikwa wazazi. Tulielekeza kwenye Zohali. Mimi nilikuwa wa pili baada ya mwalimu.

Ilikuwa ndogo, ya rangi ya maziwa ya ng'ombe, na pete yake. Imetulia. Nilikohoa makusudi. Imetulia. Nikaanza kurukaruka sakafuni kama mwendawazimu, wenzangu wanacheka, na haikutikisika hata chembe. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia zege lile. Hata nyota zenyewe, kusema kweli, sikuzipenda kama zege.

Baba zamu yake ilipofika aliinama, akasema, "Naiona," akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa anaangalia mteremko wa nyuma ya uzio, akaniuliza kwa upole, "Pale mlipofikia mwamba, ulikuwa umelala kuelekea wapi? Huku kwa mzee mwenye ng'ombe, au kule?"

Baba yangu ananiuliza mimi swali! Nilikimbia kuleta daftari. Nilikuwa nimechora shimo lote kwa rula, udongo na rangi zake, mwamba na mwelekeo wake. Alishika tochi ya simu akautazama ule mchoro kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama Zohali.

"Unachora vizuri," akasema. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma.

Likizo ikafika, nikaenda kwa mama mdogo. Niliporudi shuleni, nyuma ya uzio, kwenye ardhi ya yule mzee mwenye ng'ombe, kulikuwa na duara. La kwanza kabisa. Na karatasi zake zote zimegongwa mihuri. Nilimwona mtu amesimama ukingoni na kofia ninayoijua, nikajiambia wapo watu wengi wenye kofia kama ile.

Baada ya hapo ikawa rashi. Kila anayejua rashi ya dhahabu anajua: pikipiki, maturubai, mama ntilie, spika za muziki, watu kutoka mikoa ambayo hata hatujawahi kuisoma kwenye jiografia. Wale wavulana wawili waliochimba shimo letu waliacha shule mwezi uleule, wakashuka mashimoni, na mmoja anachimba mpaka leo. Kikao cha shule kilikaa kikaahidiwa vyoo vipya na wachimbaji. Mkuu wa shule alituambia mstarini kwamba maendeleo yamekuja yenyewe mlangoni, tuyapokee.

Sisi tuliobaki bado tulisukuma paa. Jioni moja mwalimu alielekeza kwenye Mshtarii, akasonya. Akakaza skrubu. Akatazama tena. Akaniita. Sayari ilikuwa inaruka.

"Nani anatembea?"

Hakuna aliyekuwa anatembea. Mwalimu alishika nguzo kwa mkono, halafu akaweka sikio. Alikaa hivyo kitambo.

"Njoo usikie."

Niliweka sikio kwenye zege. Ndani kulikuwa na mlio. Mara mbili haraka, kimya, halafu moja nzito.

Mwalimu alikuwa anaeleza, sauti yake imechoka. Kwamba udongo laini humeza mtikisiko. Kwamba tungeishia kifuani, kama alivyosema, tusingesikia chochote. Lakini sisi tulishuka mpaka mwamba, na mwamba ni mmoja, na ukiugonga kule unaitika huku. "Mmeifunga darubini kwenye karasha la watu," akasema. Hakusema kwa hasira. "Sijui hata ni la nani, tuwaombe walisogeze mbali kidogo."

Nilikuwa najua ni la nani. Sikumwambia. Nilisema naumwa kichwa.

Asubuhi nilikwenda kwenye duara. Vijana wake walikuwa wanakunywa uji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuona kazi?"

"Uliniambia hakuna kitu."

Vijana wakaacha uji. Mmoja akaangua kicheko. "Dada, wewe ni mtoto wa machimbo au wa misheni? Uliambiwa hakuna kitu ukaamini?"

Baba alimnyamazisha kwa mkono. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ningekuambia kipo, ungefanya nini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ungemwambia mwalimu. Mwalimu angemwambia mkuu. Mkuu angempigia simu mtu wake. Sasa hivi mwenye duara hapa angekuwa huyo mtu, na baba yako ningekuwa nambebea mawe."

"Nilikuletea mimi, baba. Mimi mwanao."

"Mchimbaji hana mwana kwenye jambo hili. Mama yako mwenyewe sikumwambia."

"Mama alijua. Alinituma nyama."

Hapo aliangalia chini. Halafu akasema, "Na saruji si nilileta? Nguzo yako si imesimama?"

Kweli imesimama. Ndicho kitu pekee kilichosimama. Mwalimu alihamishwa. Darubini ilirudi kwenye boksi lake ofisini, mabati yakahamia jiko la shule, mlango ukawa kuni. Magurudumu na beringi vilitoweka wiki ile ile, na walipouliza nani kachukua, nilitazama viatu vyangu.

Nilipokwenda kuchukua cheti nilipanda mpaka pale. Mbuzi walikuwa wamelala kivulini mwa nguzo. Niliweka sikio. Kimya kabisa. Dhahabu imepungua, watu wamehamia kwingine, maturubai machache yamebaki yanapepea. Sasa ndiyo ingefaa kutazama nyota. Zege bado zima, halina hata ufa. Kazi yetu ile ilikuwa nzuri, na naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeiandika.

Mwalimu sasa yuko shule moja upande wa Ibadakuli, huko Shinyanga. Ana wanafunzi wapya, ana darubini ya kuazima, na anataka nguzo. Jumamosi ananipokea, niwaonyeshe daftari. Nimepata nauli.

Jana baba alinipigia.

"Vipi huko, baba?"

"Tunakaribia, mwanangu. Tunakaribia."

Niliona michembe kwenye sufuria ya mama kama vile nimekaa jikoni. Akaniuliza kazi, akaniuliza mama mdogo. Halafu akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo tu, "Yule mwalimu wenu wa nyota, nasikia yuko Shinyanga. Wanachimba tena nguzo? Huko udongo ukoje?"

Daftari lilikuwa mezani mbele yangu, limefunguliwa pale penye mchoro.

"Hakuna kitu, baba," nikasema.

Nilimsikia anapumua, na mimi nikashika simu bila haraka yoyote, mimi nisiyejua kungoja. Alijua. Najua alijua kwamba safari hii anayeficha ni mimi. Kisha akasema haya, usiku mwema, akakata.

Kwenye karatasi ya mwalimu nitaandika kipimo kimoja juu kabisa, kabla ya vingine vyote: ishieni kifuani. Mchoro wa mwamba nimeuchana. Ulikuwa mzuri, nilitumia rula.